Je, Hasara ya Jana Ituamulie Mambo ya Leo?

Katika miaka tuliyofundisha chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanachuo wetu kwamba kosa ni sehemu ya somo. Mwanachuo aliyekosea hesabu ubaoni tulimwambia afute, aanze upya. Kufuta ni jambo jepesi ubaoni. Tumekuja kujifunza uzeeni kwamba ni jambo gumu sana mfukoni.

Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi swali ambalo yamkini halizungumzwi sana katika kurasa kama hizi. Mtu akipata hasara katika mali yake, hasara hiyo ina haki gani juu ya maamuzi yake ya baadaye? Je, imwongoze? Imtishe? Au aiache ipite?

Swali hili si la matajiri peke yao. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi wa Aprili 1998, na tangu hapo wapo walimu, wauguzi, wakulima na wenye maduka madogo walionunua hisa chache kwa akiba zao. Na hata yule asiye na hisa ana shamba, au ana ng'ombe, au ana mzigo wa vitenge uliokataa kuuzika. Hasara anaijua.

Twaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili, na aliyelipa kosa letu alikuwa mtu mwingine.

YALIYOTUPATA

Kwa wale wasiofahamu, hisa ni sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida, mwenye hisa huweza kupewa gawio. Hisa yenyewe yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kwa bei ya siku hiyo, na bei hiyo hupanda na kushuka kama bei ya mahindi sokoni.

Miaka kadhaa kabla ya kustaafu tulinunua hisa 6,000 za kampuni moja kwa shilingi 500 kila hisa, yaani shilingi 3,000,000. Ilikuwa akiba ya miaka mingi. Mwaka wa kwanza bei ilisimama pale pale. Mwaka wa pili ikaanza kuteremka, ikafika 300. Kampuni yenyewe haikuwa na hali nzuri. Habari zake zilikuwa gazetini, na gawio lilikuwa limekoma. Tulizisoma habari hizo, lakini tulizisoma kama mtu asomavyo barua ya anayemdai: haraka haraka, kisha akaitia chini ya mto.

Wakati huo huo binti wa dada yetu, aliyefiwa na baba yake akiwa angali shule ya msingi, akapata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ukoo ulikuwa umekwisha kupatana kwamba ada yake iwe juu yetu. Ada na mahitaji ya mwaka wa kwanza yalikuwa shilingi 1,400,000. Benki tulikuwa na 900,000. Kama tungaliuza hisa 2,000 kwa ile bei ya 300, tungalipata 600,000, na jumla ingalikuwa 1,500,000. Mtoto angalikwenda chuoni, na fedha ya sabuni ingalibaki.

Mama watoto aliliona jambo hili mara moja. Akasema, "Mwalimu, hasara imekwisha kupatikana. Uza, mtoto asome."

Nasi tukamjibu kwa sauti ile ya darasani, "Hasara haijapatikana mpaka tuuze."

Jibu hilo lilitupendeza sana wakati ule. Tulimwita mpwa wetu tukamweleza kwamba asubiri mwaka mmoja tu, kwa maana bei itarudi. Akajibu, "Sawa, mjomba." Na zile 900,000 zilizokuwa benki hatukuziacha zikae. Tulizichukua tukanunua hisa nyingine 3,000 za kampuni ile ile, kwa bei ya 300. Tulipiga hesabu tukaona kwamba hisa zote 9,000 sasa zimetugharimu 3,900,000, yaani kila moja kama shilingi 433. Tukajifariji: hapana haja tena ya kungoja bei ifike 500. Ikifika 433 tutakuwa tumerudisha kila kitu, na mtoto atasoma.

Mwaka uliofuata bei ilikuwa 240. Tulimwambia asubiri tena. Mwaka wa tatu hakuuliza.

WALIOLICHUNGUZA JAMBO HILI

Kwa muda mrefu tulidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Baada ya kustaafu tulipata nafasi ya kusoma, tukaona kwamba wataalamu wameuchunguza sana, na kwamba sisi ni mfano wa kawaida kabisa.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa saikolojia kutoka Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha uchunguzi wao juu ya namna watu wanavyoamua mambo yenye hatari. Walionyesha kwamba mtu hapimi tu jumla ya mali aliyo nayo. Huchagua mahali fulani moyoni mwake pa kuanzia kupima. Juu ya hapo ajiona amepata, na chini ya hapo ajiona amepoteza. Tena, uchungu wa kupoteza huwa mkubwa kuliko furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Katika maandishi yao ya mwaka 1992 walikadiria kwamba ni kama mara mbili. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake Tversky alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1996.

Lakini linalotuhusu zaidi ni hili. Tuseme umeambiwa uchague: ama upoteze shilingi 10,000 kwa hakika, ama urushe sarafu, ikiangukia upande mmoja upoteze 20,000, na ikiangukia upande wa pili usipoteze kitu. Watu wengi huchagua sarafu. Sasa tugeuze: ama upate 10,000 kwa hakika, ama urushe sarafu, upate 20,000 au usipate kitu. Hapo wengi huichukua 10,000 na kwenda zao. Hesabu ya kwanza na ya pili ni sawasawa, ila katika ile ya kwanza mtu amekwisha kujiona yuko shimoni. Mtu mwenye hadhari akiwa na faida hugeuka mchezaji wa bahati nasibu akiwa na hasara, mradi tu aone mlango wa kurudi pale alipoanzia.

Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman waliandika kwamba wawekezaji huelekea kuuza mapema mno hisa zilizopanda, na kushikilia mno zile zilizoshuka. Mwaka 1998 Terrance Odean alichapisha matokeo ya kuchunguza akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali wa hisa huko Marekani, kuanzia mwaka 1987 hadi 1993. Aliona jambo hilo hilo. Tena aliona kwamba hizo hisa za faida walizoharakisha kuziuza ziliendelea, katika mwaka uliofuata, kufanya vizuri kuliko zile za hasara walizozibakiza. Tofauti ilikuwa wastani wa asilimia kama 3.4.

Ni kama mfugaji mwenye ng'ombe wawili, mmoja atoa maziwa na mwingine amekauka. Akipata shida ya fedha humuuza yule wa maziwa, kwa kuwa alimnunua rahisi na sasa ana bei nzuri. Yule aliyekauka humbakiza, kwa kuwa alimnunua ghali na huona uchungu kumwachia kwa bei ya chini. Kila jioni anakata majani kwa ajili ya ng'ombe asiyekamuliwa. Twaweza kumcheka, lakini sisi na shahada zetu tulifanya vivyo hivyo.

Wala msidhani kwamba wenye ujuzi wamesalimika. Joshua Coval na Tyler Shumway, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, waliwatazama watu ambao kununua na kuuza ndiyo kazi yao ya kila siku katika soko la Chicago. Waliona kwamba waliopoteza asubuhi walielekea kujitia katika hatari kubwa kuliko kawaida baada ya adhuhuri. Hawakutaka jua litue daftari lingali na hasara.

BENKI ILIYOZAMA

Upo mfano mmoja mkubwa ambao ulisikika duniani kote. Benki ya Barings ya London ilianzishwa mwaka 1762. Mwaka 1992 kijana wake mmoja aliyekuwa Singapore, Nick Leeson, alianza kuficha hasara katika akaunti iliyopewa namba 88888. Alipopoteza aliongeza dau ili arudishe, na aliporudisha kidogo alipoteza tena. Kufikia mwisho wa mwaka 1994 hasara iliyofichwa ilikuwa kiasi cha paundi milioni 208.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi likaupiga mji wa Kobe, Japani, na bei za hisa za nchi ile zikateremka. Hapo mtu mwingine angalisimama. Yeye alinunua zaidi, akitumaini kwamba bei itapanda na kumwokoa. Bei haikupanda. Tarehe 26 Februari 1995 benki ile ikafilisika. Hasara yote ilifika paundi milioni 827. Benki iliyodumu miaka zaidi ya 230 ikauzwa kwa kampuni ya ING ya Uholanzi kwa paundi moja tu, na Leeson akafungwa gerezani huko Singapore.

Twadhani hakuna mtu atokaye nyumbani asubuhi kwa nia ya kupoteza paundi milioni 827. Alichotaka ni kurudi pale alipoanzia. Makosa yake yalikuwa mawili: hakuikubali hasara, na hakuisema. Sisi hatukuficha fedha za mtu. Lakini mama watoto alipouliza bei ya hisa imefika ngapi, tulikuwa tukijibu, "Zinajikongoja," kisha tukauliza habari ya kuku.

HOFU NAYO

Si kila aliyepoteza hukimbilia kurudisha. Wengine huenda upande wa pili kabisa. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Bei za hisa za New York zilianguka vibaya mwezi wa Oktoba 1929, zikaendelea kuteremka hadi katikati ya mwaka 1932. Kipimo cha bei kiitwacho Dow Jones kilipoteza karibu asilimia 89, na hakikurudi kilele chake cha 1929 mpaka Novemba 1954. Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walichunguza tabia za wawekezaji wa Marekani wa umri mbalimbali, na mwaka 2011 walichapisha kwamba watu waliopitia miaka mibaya ya soko katika maisha yao huwa wazito kununua hisa hata baada ya miaka mingi. Nyoka amekwisha kwenda zake, lakini mguu haujasahau.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano. Mwaka 2008 umma uliuziwa hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na biashara yake sokoni ikaanza tarehe 9 Juni mwaka ule. Kabla mwaka mmoja haujatimia bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliouza kwa uchungu wakati ule na kuapa kutogusa hisa tena, walikuja kuona mwaka 2021 bei imepita shilingi 40. Baadaye ikashuka tena.

Twautaja mfano huu makusudi, ili msije mkadhani kwamba fundisho letu ni "Uza kila kinachoshuka." La hasha. Wapo walioshikilia wakafaidika. Na yule mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini, ambaye habari zake zimo katika Mathayo sura ya 25, hakusifiwa kwa hadhari yake. Hofu ndiyo iliyomwamulia.

Basi mwenye kukimbilia kurudisha na mwenye kukimbia kwa hofu ni ndugu wawili. Mmoja aenda kulia, mwingine kushoto, lakini wote wawili wameshikwa mkono na jambo lililokwisha kupita.

SUBIRA NA UKAIDI

Hapa msomaji aweza kutuuliza: kwani subira si jambo jema? Mbona tunafundisha watoto kwamba mvumilivu hula mbivu?

Swali hilo ni la haki, nasi tulijificha nyuma yake kwa miaka kadhaa. Tulijiita wavumilivu. Siku hizi twaona kwamba subira na ukaidi hufanana kwa sura, bali hutofautiana kwa sababu zake. Mkulima mwenye subira angoja mvua kwa kuwa anaujua msimu, ameona mawingu, na mbegu yake ni nzima. Mkulima mkaidi angoja mvua katikati ya kiangazi kwa kuwa mbegu aliinunua ghali. Mvua haijui bei ya mbegu. Na soko halikujua kwamba mwalimu mmoja alinunua kwa 500. Namba hiyo ilikuwa moyoni mwetu tu, na hapakuwa na mtu mwingine duniani mwenye sababu ya kuiheshimu.

Kwa hiyo lipo swali ambalo laweza kuwapambanua mvumilivu na mkaidi. Mtu na ajiulize: "Kama leo ningekuwa na fedha hizi mkononi badala ya hisa hizi, je, ningezinunua?" Akiona kwa sababu za kweli kwamba angezinunua, na azishike, hata kama zimeshuka. Akiona asingezinunua, basi anashikilia nini? Na yule aliyejaa hofu aweza kujiuliza swali linalofanana: "Kama nisingalipata kuumwa, je, jambo hili lingeniogopesha?" Maswali haya yana faida moja, kwamba yanaiondoa jana mezani kwa muda, ili leo ipate kusikika.

Mwingine atasema: hayo ni mambo ya hesabu, si ya maadili. Fedha ni zake na hasara ni yake, ana deni gani kwa mtu? Hapa ndipo tunapopenda kusema neno letu hasa.

Hasara isiyokubaliwa haikai kimya. Hutafuta mtu wa kuilipa, na mara nyingi humpata aliye karibu na asiye na sauti. Mpwa wetu hakununua hisa hata moja. Yeye hakuwa na namba 500 moyoni mwake. Alikuwa na barua ya chuo tu. Lakini sisi tuliiweka hasara yetu mbele katika foleni, na mtoto tukamweka nyuma yake, tukamwambia angoje mpaka hasara itakapokwisha kuhudumiwa. Haya yote tuliyafanya kwa nia njema, tukisema ni kwa ajili yake. Nia njema hiyo ndiyo iliyotuzuia kuona.

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini hatukuuza. Kama ni fedha, hesabu ilikuwa wazi, nasi tulifundisha hesabu. Twaamini sasa kwamba ilikuwa haya. Kuuza kwa 300 kulikuwa ni kutia sahihi kwa mkono wetu wenyewe kwamba tulikosea. Maadamu hatujauza, tulikuwa bado watu ambao hawajakosea. Ni ajabu kwamba mtu aweza kuungama dhambi zake kila Jumapili pamoja na kusanyiko, kwa sauti, kisha ashindwe kumwambia dalali wa hisa maneno mawili: "Nauza. Nilikosea."

Hatusemi kwamba hasara isahauliwe. Aliyesahau atarudia. Mfua chuma ambaye koleo lake limevunjika atanunua koleo jingine, na safari hii atalichagua vizuri zaidi. Hiyo ndiyo kazi halali ya hasara, kutufundisha namna ya kuchagua. Lakini mwalimu na mdai ni watu wawili. Mwalimu hutuambia tulipokosea kisha hutuacha tuendelee. Mdai hutusimamia mlangoni akisema, "Nirudishie." Tukiifanya hasara kuwa mdai wetu, tutamlipa kwa mali isiyo yetu.

YALIYOBAKI

Mpwa wetu alipata kazi katika duka la dawa mjini Tanga. Akaolewa, na sasa ana watoto wawili. Hajatulaumu hata siku moja.

Mwaka juzi alikuja kutusalimu wakati wa Pasaka. Tulipokuwa tukila akatuuliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Mjomba, zile hisa zilirudi?"

Mama watoto aliinuka akaenda kuleta maji, ingawa maji yalikuwapo mezani. Tukajibu, "Hapana, mwanangu. Hazikurudi. Na tulikukosea."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo. Yeye akaitazama sahani yake, kisha akasema, "Nilijua, mjomba. Nilikuwa naangalia bei gazetini, mpaka nikachoka."

Hilo hatukuwa tukilijua. Katika miaka ile tulidhani kwamba ni sisi tu tuliokuwa tukifungua ukurasa ule. Kumbe pale Tanga, dukani, alikuwapo mtu mwingine akiitafuta namba ile ile, na kwake yeye ilikuwa na uzito kuliko kwetu.

Juma lililofuata tulikwenda kuuza hisa zote 9,000. Bei ilikuwa shilingi 190, tukapata 1,710,000 kabla ya kutoa ada ya dalali. Siku ile mama watoto aliposema, "Uza, mtoto asome," hasara yetu ilikuwa 1,200,000. Siku tulipouza ilikuwa 2,190,000. Hiyo ni hesabu ya fedha peke yake. Ile nyingine hatuwezi kuipiga.

Tulimpa mpwa wetu fedha zile. Mwanzo alikataa. Baadaye akazipokea kwa ajili ya ada ya mtoto wake wa kwanza, akatuomba jambo moja, kwamba tusiseme ni malipo. Hatujasema, wala hapa hatusemi.

Ndugu wasomaji, tukihitimisha twaomba kutoa mashauri matatu, si kama watu waliofaulu bali kama watu waliorudia darasa. Kwanza, unaponunua kitu chochote cha kutumaini faida, andika katika daftari sababu ya kukinunua, ili siku sababu hiyo ikifa ujue kwamba imekufa, hata kama bei yako haijarudi. Pili, awepo mtu mmoja nyumbani mwako anayeijua bei ya kweli ya leo. Hasara inayojulikana na wawili haikui upesi kama ile ifichwayo na mmoja. Tatu, kabla hujamwambia mtu "subiri kidogo," mtazame usoni, ukajiulize ni nini hasa anachongojeshwa.

Na kila mmoja wetu, mwenye hisa na mwenye shamba, mwenye duka na mwenye ng'ombe, ajiulize jioni hii: nyumbani mwangu, yuko nani anayengoja hasara yangu irudi?